Bao la Mashimo 2,048

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko barabarani, macho yabaki mbele, sikio nipe mimi. Leo nina habari ya michezo ya watoto, ila nakuomba usifunge redio kwa kudhani haikuhusu wewe mtu mzima. Ni habari inayomgusa kila mtu aliyewahi kununua kitu kwa jasho lake na kukipeleka nyumbani kwake.

Nianze na kaseti ya njano.

Sisi tuliokua mijini miaka ya 1990 tunaikumbuka. Ilichomekwa juu ya mashine ya gemu ya bei nafuu, mashine yenyewe ikaungwa kwenye televisheni ya sebuleni, na watoto wa mtaa mzima wakajaa mlangoni. Juu ya kaseti palikuwa na namba ya kutisha: gemu 9,999 ndani ya kaseti moja. Ukiwasha, orodha inateremka, unashuka nayo mpaka kidole kinachoka. Baada ya siku mbili unagundua kwamba gemu zenyewe hazifiki hata ishirini. Zilizobaki ni zilezile zimerudiwa na kubadilishwa kidogo. Hii inaanzia steji ya 5. Hii inakupa roho nyingi kuliko kawaida. Hii mtu wake anaruka juu kupita kiasi.

Tulisema tumeibiwa, na kwa upande wa namba ile ya juu ya kaseti, kweli tuliibiwa. Lakini ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba kaseti ile ilikuwa imetuwekea siri kubwa mbele ya macho yetu. Mtu fulani aliifungua gemu moja, akatafuta namba moja ndani yake, akaibadilisha, na ulimwengu mzima wa gemu ile ukabadilika. Wahenga wetu wa pwani walishasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tulikuwa tukitazama vinavyoelea, na hatukuuliza vimeundwaje.

Wako watoto wa nchi nyingine waliopata kifaa cha kuuliza swali hilo. Kifaa hicho ndicho mada yetu.

Mashine zile tulizochezea sisi zilikuwa nakala za mashine ya Kijapani iitwayo Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa mwaka 1983. Ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilivalishwa umbo jingine na jina jingine, NES. Gemu yake iliyotamba duniani ni Super Mario Bros., ya mwaka huohuo wa 1985: yule fundi mwenye masharubu na kofia, anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga maadui. Unaanza na roho 3. Zikiisha, unarudi mwanzo.

Sasa, Uingereza kulikuwa na kampuni ya ndugu wawili, Richard na David Darling, iitwayo Codemasters. Watu wa kampuni hiyo wakabuni kifaa wakakiita Game Genie, yaani jini la gemu. Kikaanza kuuzwa Kanada mwaka 1990, na Marekani mwaka 1991 kupitia kampuni ya vitu vya kuchezea ya Galoob. Matumizi yake ni mepesi. Unachukua kaseti ya gemu, unaichomeka kwenye Game Genie, kisha vyote viwili unavisukuma ndani ya mashine. Ukiwasha, gemu haianzi. Kinatokea kioo chenye herufi na mistari mitatu ya kujaza. Kwenye sanduku umepewa kitabu cha misimbo. Unafungua ukurasa wa gemu yako, unachagua msimbo wa herufi 6 au 8, unaujaza, unabonyeza kuanza. Gemu inafunguka, na Mario hafi tena. Yaani anakufa, ila hesabu ya roho haishuki.

Hapo ndipo wengi husema: basi ni udanganyifu tu. Ngoja kwanza nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutaliona jambo hili hivyo tena.

Msikilizaji, vuta picha ya bao. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtu akikuuliza mchezo umefikia wapi, humsimulii hadithi, unamwonyesha ubao. Kete ngapi ziko shimo gani, hiyo ndiyo hali ya mchezo, yote kamili. Kanuni ziko vichwani mwenu wachezaji: namna ya kunamua, namna ya kula, namna ya kutakata. Kwa hiyo bao lina vitu viwili, kanuni na kete.

Mashine ya gemu nayo iko vivyo hivyo. Mashine ile ya NES ina kumbukumbu ya muda yenye mashimo 2,048, na kila shimo linaweza kubeba kete kuanzia 0 mpaka 255. Shimo moja linashika Mario amesimama wapi. Jingine linashika muda uliobaki. Jingine roho zake. Hizo ndizo kete. Kanuni zenyewe zimeandikwa ndani ya kaseti, nazo pia ni namba, amri juu ya amri: ongeza, punguza, linganisha, ruka uende kule. Kaseti ya Super Mario Bros. ina kilobaiti 40 tu kwa jumla, picha zikiwemo. Picha moja unayopiga leo kwa simu inaizidi mara nyingi.

Sasa tuchukue msimbo mmoja tuupasue. Msimbo maarufu wa roho zisizoisha kwenye gemu hiyo ni SXIOPO. Ukiusikia unadhani ni maneno ya mganga. Kumbe Game Genie inatumia herufi 16 tu, na kila herufi ni namba kati ya 0 na 15. Herufi 6 zikipangwa zinaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 16. Ukizifungua hizi 6, kwa utaratibu maalumu wa kuzichanganya, unapata habari mbili: anwani na namba. Anwani ni 37,337. Namba ni 173.

Kwenye anwani 37,337 ndani ya kaseti ile pana amri ya namba 206. Kwa lugha ya chipu ya mashine hiyo, 206 maana yake ni "punguza moja". Punguza moja kutoka wapi? Kutoka shimo la roho. Hiyo ndiyo amri inayotekelezwa kila Mario anapotumbukia. Game Genie imekaa katikati, kati ya kaseti na mashine, kama mkalimani kati ya watu wawili. Mashine inauliza: anwani 37,337 pana nini? Kaseti inajibu: 206. Mkalimani anasema: 173. Na 173 maana yake ni "soma". Basi mashine inasoma roho zako ziko ngapi, inaridhika kwamba bado zipo, inaendelea na safari. Haikupunguza chochote, kwa kuwa haikuambiwa ipunguze.

Neno moja limebadilishwa, msikilizaji. "Punguza" limekuwa "soma". Na kaseti yenyewe haijaguswa. Chomoa kifaa, chomeka kaseti peke yake, utaikuta kama ilivyotoka kiwandani.

Huo ni ujanja wa aina ya kwanza, wa kugeuza kanuni. Uko wa aina ya pili, wa kuhamisha kete. Kampuni nyingine ya Uingereza, Datel, ilitengeneza kifaa kiitwacho Action Replay, kwanza kwa kompyuta ya Commodore 64, baadaye kwa mashine nyingi za gemu. Kwa upande wa mashine ya PlayStation, Wamarekani walikijua kwa jina la GameShark. Hiki hakijisumbui na amri. Kinalishika shimo lenyewe, na kila mashine ikipunguza kete, chenyewe kinarudisha. Mashine ikipunguza moja, kinaongeza moja, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. PlayStation ya kwanza ilikuwa na tundu nyuma ambamo kifaa hicho kilichomekwa. Matoleo ya mwisho ya mashine ile, kuanzia mwaka 1999, yakaja bila tundu hilo.

Na baadhi ya matoleo ya Action Replay yalikuja na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko misimbo yote: yalimwezesha mchezaji kuitafuta misimbo mwenyewe.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 12 alikuja kwangu likizo. Nina programu kwenye kompyuta inayoiga mashine ile ya zamani, nayo ina utafutaji uleule wa Action Replay. Nikamwambia: "Humu mna mashimo 2,048. Roho za Mario ziko katika shimo moja. Litafute."

Akacheka. "Mjomba, hiyo rahisi. Kwenye kioo kumeandikwa 3. Natafuta 3."

Akatafuta 3. Yakatoka mashimo kadhaa. Akamwacha Mario afe, kioo kikaonyesha 2, akauliza ni yapi kati ya yale sasa yana 2. Hakupata lolote la maana. Akarudia. Vilevile. Akaanza kukasirika. "Mjomba, hii mashine inadanganya."

Nikamwambia: "Haidanganyi. Wewe unaiambia ilivyo, hujaiuliza. Usitafute unachokitaka. Tafuta kilichobadilika."

Akaanza upya, safari hii na mashimo yote 2,048. Akafa mara moja, akauliza: yapi yamepungua kwa 1? Orodha ikasinyaa. Akatembea huku na huko bila kufa, akauliza: yapi hayakubadilika? Ikasinyaa tena. Akafa tena, akauliza tena. Hatua kwa hatua, kama mtu anayepepeta mchele, likabaki shimo moja: namba 1,882. Kwenye kioo kulikuwa na roho 1. Ndani ya shimo kulikuwa na 0.

Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema taratibu: "Kumbe haihesabu roho nilizonazo. Inahesabu zitakazobaki nikiimaliza hii."

Ndivyo ilivyo hasa. Ukiona 3 kwenye kioo, ndani kuna 2. Hakuna aliyemwambia. Alikisia, akajaribu, akakosea, akabadilisha swali, akapata. Huko vyuo vikuu watu huitwa watafiti kwa kufanya hivyo hivyo.

Kisha, kama mtoto yeyote, akaingiwa na tamaa. Akaandika 200 ndani ya shimo lile, akamrusha Mario shimoni huku anacheka. Gemu ikaisha palepale. Roho 200, na gemu imeisha! Alishtuka kama mtu aliyepigwa kofi. Ikabidi tukae tena tuchimbe. Tukakuta kwamba mashine ile, inapochungulia kama roho zimekwisha, huhesabu kila namba kuanzia 128 kwenda juu kuwa iko chini ya sifuri. Kwa mtu mwenye roho 200, ikaona ana deni. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma, na siku hiyo mpwa wangu aliliona hilo kwa hesabu. Akaandika 99, ikamkubali.

Msikilizaji, siku ile mtoto yule alijifunza mambo matatu ambayo ningeweza kumhubiria mwaka mzima yasimwingie. Kwamba ndani ya mashine hamna uchawi, mna namba. Kwamba namba hizo ziliwekwa na mtu. Na kwamba kitu kilichowekwa na mtu, mtu mwingine anaweza kukisoma.

Na watu waliounda gemu wenyewe walikuwa wakifanya hivyo. Mjapani mmoja, Kazuhisa Hashimoto, mfanyakazi wa kampuni ya Konami, alipewa kazi ya kuileta gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani, ikatoka mwaka 1986. Alipoijaribu akaona ni ngumu mno, yeye mwenyewe haimalizi. Akaweka mlango wa siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Ukibonyeza hivyo unapata silaha zote. Ubonyezaji huohuo ukaja kutoa roho 30 kwenye gemu ya Contra, na watoto wa dunia nzima wakaukariri kama jedwali la kuzidisha. Hashimoto alifariki Februari 2020, na kilichofanya afahamike ni ufunguo ule aliojichongea mwenyewe.

Basi kama fundi alijiruhusu, kwa nini mnunuzi azuiwe? Swali hilo lilifika mahakamani, na ni hapo habari yetu inapoacha kuwa ya watoto.

Mwaka 1990, kabla Game Genie haijaingia madukani Marekani, Galoob na Nintendo walifikishana kwenye mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California. Hoja ya Nintendo ilikuwa kwamba kifaa hiki kinatengeneza gemu mpya kutokana na gemu yake bila ruhusa, hivyo kinavunja hakimiliki. Mahakama ikatoa zuio, na kwa karibu mwaka mzima Game Genie haikuuzwa Marekani, msimu wa Krismasi ukiwemo, wakati Kanada watoto wanaichezea. Kesi ikasikilizwa kikamilifu, na Julai 1991 Jaji Fern Smith akaamua kwamba Galoob haina kosa. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyenunua gemu ameshalipa. Akiicheza nyumbani kwa namna yake, amefanana na aliyenunua kitabu akaruka kurasa, au aliyenunua mkanda wa video akasogeza mbele sehemu zinazomchosha. Nintendo wakakata rufaa, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi ule. Mwisho wake Nintendo wakalazimika kulipa dhamana yote iliyowekwa kwa ajili ya lile zuio, dola milioni 15, kufidia mauzo yaliyopotea. Ukiangalia upande mwingine, kampuni ya Sega, mshindani wa Nintendo, yenyewe iliipa baraka Game Genie ya mashine yake.

Usidhani hayo ni mambo ya kale. Kampuni ya Sony iliwashtaki Datel nchini Ujerumani kwa sababu ya Action Replay ya mashine ya mkononi, PSP, iliyomwezesha mchezaji wa gemu ya mashindano ya magari kuongeza kasi bila kikomo. Kesi ikazunguka miaka na miaka, ikapelekwa Luxembourg, na tarehe 17 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa tafsiri yake. Ilisema sheria ya Ulaya ya kulinda programu inalinda programu yenyewe ilivyoandikwa, lakini hailindi namba zinazopita kwenye kumbukumbu wakati gemu inachezwa, maadamu kifaa hakikubadilisha maandishi ya programu.

Rudi kwenye bao letu uone hukumu hiyo ilivyokaa. Aliyeandika kanuni ana haki juu ya kanuni alizoandika. Lakini kete zilizomo mashimoni leo jioni, kwenye ubao wako, barazani kwako, si zake. Hukumu hizi ni za Marekani na za Ulaya, hazizifungi mahakama zetu. Ila hoja iliyomo ndani yake haihitaji pasipoti.

Najua kuna mzazi ananisikiliza anasema: haya yote sawa, lakini si unamfundisha mtoto udanganyifu? Swali zuri, tena ni la malezi, silipuuzi.

Jibu langu liko palepale kwenye bao. Ukiwa peke yako na ubao wako, unajifunza, panga kete utakavyo. Weka 20 kwenye nyumba. Rudisha uliyokula. Jaribu hila mara kumi. Hakuna atakayekuita mwizi, watasema unajinoa. Lakini akishakaa mtu mbele yako, hata kete moja ukiihamisha mwenzako amegeuza uso, umeiba. Kete ni zilezile na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu mbele yako aliyekuamini.

Game Genie na Action Replay za zamani zilikuwa za mtu aliye peke yake na ubao wake. Leo gemu nyingi zinachezwa kwa intaneti, mtu wa Mwanza na mtu wa Seoul kwa wakati mmoja, na kuna programu zinazomlengea mchezaji shabaha au kumwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta. Hiyo ni kuiba kete. Korea Kusini imetunga sheria inayofanya kutengeneza na kusambaza programu za namna hiyo kuwa kosa la jinai, nami siwalaumu. Kwa hiyo mzazi, usimfundishe mtoto kwamba kugusa namba ni dhambi. Mfundishe kuuliza: kuna nani mbele yangu? Akilishika swali hilo, litamfaa kazini, sokoni na kwenye ndoa yake.

Na tuwakumbuke ambao ujanja huu kwao si tamaa. Yuko mtu ambaye vidole havikunjuki vizuri. Yuko mzee ambaye jicho halikimbilii tena. Kwao roho zisizoisha ndizo zinazowapa nafasi ya kuuona mwisho wa hadithi. Waundaji wa gemu ya Celeste, ya mwaka 2018, waliliona hilo, wakaweka ndani ya gemu yao sehemu ambapo mchezaji anapunguza kasi au anajipa nguvu zisizoisha, bila kuaibishwa.

Sasa nifike panaponiuma. Tazama gemu za simu za leo. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, inakupa roho 5. Zikiisha, unasubiri nusu saa kwa kila roho moja irudi, au unalipa. Msikilizaji, roho ile ni nini? Ni kete ndani ya shimo! Ni namba ileile ambayo mtoto wa mwaka 1991 aliiongeza mwenyewe kwa herufi 6, na mahakama ikasema ana haki. Leo namba hiyo anauziwa, kila siku, na kifuniko kimefungwa asichungulie. Haki aliyoishinda mnunuzi mahakamani imegeuzwa bidhaa dukani, na wengi wetu hatukushtuka, kwa kuwa hatukuwahi kujua kwamba ndani ya gemu mna mashimo.

Ndiyo maana navithamini vifaa hivi vya zamani, na nafurahi kuona watu wanavikusanya na kuvitumia. Kama una mashine ya zamani na umepata kifaa cha namna hii, chukua mawaidha machache. Kwanza, zima umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Game Genie ya NES ni nene, hutanua meno ya soketi, hivyo ichomoe ukimaliza kucheza, na usiishindilie chini kama unavyoshindilia kaseti ya kawaida. Meno ya kaseti yakichafuka, yafute kwa pamba yenye spiriti kidogo, na usiyapulizie mdomo kama tulivyozoea, maana unyevu wa pumzi huleta kutu. Gemu ikiganda baada ya kuweka msimbo, usiogope. Zima, ondoa msimbo, washa upya. Lakini kama gemu inahifadhi safari yako kwenye kaseti au kadi ya kumbukumbu, usihifadhi wakati misimbo inafanya kazi, kwani namba mbovu ikishahifadhiwa inaweza kuiharibu safari yote. Na jambo moja la mwisho: mashine zetu za nakala zilipokea kaseti za Kijapani za meno 60, ilhali Game Genie ya NES ina meno 72. Usilazimishe, havikuumbwa kukutana bila kiunganishi.

Na kama huna kifaa wala mashine? Programu za kuiga zipo kwenye kompyuta, na kompyuta chakavu inatosha kabisa.

Msikilizaji wangu, siku hizi tunasema watoto wetu wajifunze kuandika programu, na tunawatafutia madarasa na vyeti. Ni jambo jema. Lakini kabla ya mtoto kuandika, anatakiwa kwanza aamini kwamba kilichoandikwa kinasomeka. Imani hiyo haiji kwa cheti. Inakuja siku atakapotafuta namba moja kati ya 2,048, akaikosa, akabadilisha swali, akaipata, akaigeuza, na ulimwengu ukageuka mbele ya macho yake.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo. Likizo ijayo, kaa na mwanao, au mpwa wako, au mdogo wako, mbele ya gemu moja ya zamani. Usimpe msimbo. Mpe shimo la kutafuta. Kisha umwachie.